Nyumba Ilibomolewa, Vinyago Vikahamia Benki

Kama unaishi Nairobi, umewahi kumngojea mtu nje ya Archives. "Tupatane Archives saa nane," mnaambiana, halafu saa nane na nusu anakupigia simu: "Niko hapa karibu, dakika mbili tu." Unabaki umesimama pale Moi Avenue, mkono mmoja umeshika mfuko wenye simu, macho yako kwa sanamu ya Tom Mboya, wahubiri upande huu, wauza soksi upande ule. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku. Wengi hawajawahi kuvuka ule mlango.

Jengo lenyewe lilikuwa ofisi ya benki, National Bank of India, enzi za ukoloni. Baadaye likawa makao ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Ukishaandika jina na kumpita mlinzi, unadhani utakutana na faili na vumbi. La hasha. Ukumbi wa chini umejaa vinyago, ngoma, viti vya kuchongwa, silaha za kale, nguo za kusukwa, vitu kutoka kila pembe ya Afrika, mashariki hadi magharibi. Ni mali ya umma, kwa hivyo ni yako pia.

Vitu hivi havikuletwa mjini na serikali iliyozunguka Afrika ikivitafuta. Vilikuwa ndani ya nyumba moja pale Muthaiga, nyumba ya mume na mke. Nyumba hiyo haipo. Haikuungua wala haikuanguka kwa uzee. Ilibomolewa, na ilibomolewa baada ya kununuliwa na serikali ili ihifadhiwe.

Mwenye nyumba alikuwa Joseph Murumbi. Jina lake tunalisoma shuleni katika orodha ya makamu wa rais: Odinga, Murumbi, Moi. Unalikariri kwa ajili ya mtihani kisha unalisahau, kwa sababu muda wake ulikuwa mfupi. Aliteuliwa mwaka 1966 baada ya Jaramogi Oginga Odinga kujiuzulu, na mwaka huo huo akaondoka mwenyewe. Katika nchi ambayo mtu hushika kiti kwa mikono na meno, huyu aliinuka akaenda zake.

Alizaliwa mwaka 1911. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, mama yake Mmaasai. Alipelekwa India kusoma akiwa mdogo, akarudi Kenya akiwa kijana, akafanya kazi miaka kadhaa Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa na viongozi wa KAU kukamatwa, Murumbi alikuwa miongoni mwa waliobaki kukiendesha chama, akiwa kaimu katibu mkuu. Kisha akakimbilia uhamishoni London, akakaa karibu miaka tisa akipigania uhuru kwa kalamu na kwa mikutano.

Huko London ndiko ugonjwa wake ulikoanza, kama unaweza kuuita ugonjwa. Alianza kununua vitabu kuhusu Afrika. Hebu fikiria: mtu yuko uhamishoni, nchi yake iko chini ya mkoloni, na katika maduka ya vitabu vikuukuu ya mji mkuu wa mkoloni anakuta vitabu vilivyoandikwa na wasafiri, wamisionari na maafisa kuhusu watu wake. Anavinunua kimoja kimoja. Huko pia alikutana na Sheila, mkutubi, wakaoana. Mkutubi na mnunuzi wa vitabu! Hapo rafu zisingetosha tena.

Uhuru ulipokuja, Murumbi akawa waziri wa mambo ya nje. Kazi hiyo ilimpeleka nchi nyingi, na kila safari ilirudi na kitu. Wengine wangerudi na saa za dhahabu. Yeye na Sheila walikusanya vinyago, vitambaa, vito, stempu za posta za nchi za Afrika, michoro, samani. Alipoachana na siasa akaingia katika biashara, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, akaanzisha African Heritage, duka na nyumba ya sanaa ya Afrika jijini Nairobi. Wakati ambapo mtalii aliuziwa twiga wa mbao na kuambiwa hiyo ndiyo sanaa yetu, African Heritage ilimpa msanii wa Afrika ukuta, taa na bei ya haki.

Sasa nyumba ya Muthaiga ilikuwa imejaa hadi dari. Maelfu ya vitabu, vingi vikiwa vimechapishwa kabla ya mwaka 1900. Barua. Vinyago. Bustani yenye miti ya asili. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa na hela na hamu. Murumbi hakutaka mkusanyiko uondoke Kenya. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba na vilivyomo, kwa makubaliano kwamba mahali pale patakuwa taasisi ya masomo ya Afrika yenye jina lake. Mtafiti angekuja, angekaa, angesoma kitabu asubuhi na jioni angesimama mbele ya kitu chenyewe kilichoelezwa katika kitabu hicho. Kisha Murumbi na Sheila wakahamia Transmara, kwenye shamba lao la Intona, wakijua kwamba mjini mambo yako katika mikono salama.

Taasisi haikujengwa. Vitabu na vinyago vilihamishwa. Nyumba ikaachwa, ikabomolewa, na ile miti ya asili ikakatwa. Murumbi aliishi kuyaona hayo. Alifariki Juni 1990.

Hapa ndipo watu wengi humaliza hadithi hii, kwa kutikisa kichwa na kusema "serikali yetu, wewe acha tu." Mimi sitaki kuishia hapo, kwa sababu kuna swali gumu zaidi. Vinyago si vipo? Vitabu si vipo? Kama vitu vimesalimika, tunalilia nini? Matofali?

Nimelifikiria swali hilo sana, na nitatoa kwanza hoja ya upande wa pili kwa nguvu zake zote. Muthaiga ni mtaa wa mageti na ua mrefu. Mwanafunzi anayeshuka matatu mjini na nauli ya kurudi tu hawezi kujikuta Muthaiga kwa bahati. Archives iko katikati ya jiji, na mtu wa Umoja na mtu wa Kawangware wote hupita mlangoni pake. Sehemu nyingine ya mkusanyiko iko Nairobi Gallery, ile nyumba ya mawe karibu na Nyayo House iliyojengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya serikali ya mkoa, mahali ambapo watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Yaani nyumba ya kifahari ilikufa, na ofisi mbili za mkoloni, moja ya pesa na nyingine ya amri, zikageuka kuwa walinzi wa sanaa ya Afrika. Ukiitazama hivyo, unaweza hata kutabasamu.

Lakini angalia kilichokatika. Mkusanyiko si gunia la vitu. Mtu aliyeishi na vitu hivyo aliviweka hiki kando ya kile kwa sababu fulani: kitabu hiki karibu na kinyago hiki, kitambaa hiki juu ya kiti kile. Ukivitenganisha, vinyago mtaa huu, stempu na vito mtaa ule, unabaki na maneno bila sentensi. Na zaidi ya mpangilio, kilichopotea ni kazi iliyokusudiwa. Murumbi hakuahidiwa kabati la vioo. Aliahidiwa shule. Sisi tumepata mahali pa kutazama. Mahali pa kukaa na kujifunza hatukupata. Hasara hiyo huwezi kuipiga picha, ndiyo maana ni rahisi kusema hakuna kilichopotea.

Mimi nimetoka Ndalu, kule Bungoma inakopakana na Trans Nzoia. Kwetu mji mkubwa ni Kitale, na ziara ya shule kwetu ilikuwa makavazi ya Kitale. Tulijazwa kwenye basi, tukaimba njia nzima, tukafika tukapiga mayowe mbele ya nyoka, tukala mkate na soda chini ya miti. Ukubwani ndipo niliporudi kusoma yaliyoandikwa kuhusu mahali pale, na nikaona kwamba Kitale ni jibu kwa Muthaiga.

Makavazi ya Kitale yalianzishwa mwaka 1926 na mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham. Alikuwa mtu wa vipepeo, ndege, wadudu na vitabu, na alikusanya maisha yake yote. Alipofariki mwaka 1966, wosia wake ulikuwa umeacha mkusanyiko kwa taifa, pamoja na pesa za kujenga jengo jipya la kuuweka. Desemba 1974 makavazi mapya yalifunguliwa, ya kwanza ya kitaifa nje ya Nairobi na Pwani. Watoto wa Ndalu wamekuwa wakipiga mayowe mbele ya wale nyoka tangu wakati huo.

Pima hizo hadithi mbili pamoja. Mlowezi, aliyekusanya vipepeo kwenye ardhi ambayo wenyewe waliondolewa, mkusanyiko wake una nyumba, geti, tikiti na basi za shule. Makamu wa rais wa nchi huru, aliyekusanya sanaa ya Afrika akakataa kuiuza nje, nyumba yake ni kumbukumbu. Inauma. Na kinachouma zaidi ni kwamba tofauti haikuwa mapenzi. Murumbi alipenda pengine kuliko yule. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja aliacha wosia wenye pesa zilizotengwa kwa jengo, na mwingine aliacha nyumba mikononi mwa watu aliowaamini. Alikuwa amefanya kazi nao. Walikuwa serikali yake.

Waingereza nao wamebomoa, tena sana. London kulikuwa na jengo la simu lililoitwa Fleet Building, kwenye barabara ya Farringdon, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 wakati jiji lile lilikuwa likijiinua kutoka kwenye vita. Lilikuwa jengo la ofisi na mitambo, zito, lisilo na urembo wa kukusimamisha. Lakini ukutani, upande wa barabara, msanii aitwaye Dorothy Annan aliweka picha tisa za vigae vya udongo. Alikwenda hadi kiwandani Loughborough akachora kwa mkono juu ya udongo kabla haujachomwa. Alilipwa pauni 300 kwa kila picha. Zinaonyesha mambo ya simu: nyaya zinazoingia chini ya barabara, mitambo ya umeme, nguzo zinazovuka mashamba, maboya ya nyaya za baharini. Ni kama mtu aliyeifungua simu akaona ndani yake kuna maua.

Teknolojia ikabadilika, jengo likabaki bila kazi, kampuni kubwa ya fedha ikataka kiwanja. Mwaka 2011, kabla ya tingatinga kuwasha injini, zile picha tisa zilisajiliwa kisheria kuwa turathi. Jengo halikusajiliwa, picha zilisajiliwa. Kwa hivyo jengo likaenda, na mwaka 2013 picha zote tisa, kwa pamoja, zikawekwa kwenye njia ya waenda kwa miguu katika mtaa wa Barbican. Hakuna kiingilio wala mlinzi wa kukuuliza unaenda wapi. Mtu anapita na mkate wake chini ya kwapa, anaziona.

Usidhani basi kwamba Waingereza ni malaika wa turathi. Dorothy Annan huyo huyo alikuwa na picha nyingine kubwa ya ukutani katika Benki Kuu ya Uingereza. Iliharibiwa mwaka 1997. Msanii mmoja, jiji moja. Iliyokuwa na karatasi ikaishi, nyingine ikafa. Wala uzuri haukuamua.

Na kwetu karatasi imewahi kufanya kazi. Alan Donovan, yule mshirika wa Murumbi, alijenga nyumba yake karibu na Mlolongo, ikitazama mbuga ya Nairobi. Kuta zake zinafuata ujenzi wa udongo wa Afrika Magharibi na wa Pwani yetu, na ndani alijaza sanaa kama rafiki yake alivyojaza Muthaiga. Reli ya kisasa ilipokuja, nyumba ikajikuta kwenye njia ya hatari. Wakati huu watu walipiga kelele mapema. Mwaka 2016 nyumba ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa mnara wa taifa, na ipo hadi leo. Treni inapita, nyumba imesimama. Marafiki wawili, nyumba mbili, moja ilitangazwa na nyingine haikutangazwa.

Sheria yenyewe unaweza kuisoma kwenye simu: Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo, mahali au kitu kuwa turathi inayolindwa. Halihitaji kuwa jumba la kifalme. Linahitaji mtu aliyeliona, akaliandika, akalipeleka mbele kabla ya siku ya mwisho. Siku ya mwisho sote tunaijua inavyofanana. Unaamka asubuhi, ukuta una X kubwa nyekundu. Baada ya X hakuna mjadala wa sanaa. Kuna watu wanaokoa mabati na milango.

Kule Ndalu tunaijua sana hiyo ya kuokoa milango. Ardhi yetu ilikuwa mashamba ya walowezi kabla ya kugawiwa watu baada ya uhuru. Nyumba za wazungu zilivunjwa moja baada ya nyingine, na hakuna aliyezililia, na hata mimi sizililii. Lakini kukhu wangu ana dirisha jikoni kwake, mbao nzito nyeusi, bawaba za shaba, ambalo halifanani na chochote katika nyumba ile. Nilimuuliza lilitoka wapi.

"Kwa mzungu," akasema.

"Mzungu gani, kukhu?"

"Aah, mzungu ni mzungu. Lakini aliyelitengeneza alikuwa fundi wetu, wa huku chini. Mzungu alijua kushika nyundo?"

Sasa hilo ni jambo. Dirisha lipo, jengo halipo, na jina la fundi liliponea kidogo tu kwenda na jengo. Tunapokosa kuandika, wa kwanza kufutika ni yule aliyefanya kazi kwa mikono. Mwenye shamba utampata kwenye hatimiliki. Fundi utampata kwa kukhu tu, na kukhu hataishi milele.

Ndiyo maana naona deni letu kwa Murumbi si kulia. Yeye na Sheila wamezikwa ukingoni mwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yao Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965. Tangu 2009 pamewekwa hapo bustani ya sanamu za wachongaji wakubwa wa Afrika Mashariki. Nenda siku moja, pametulia. Lakini deni lenyewe liko kwenye kuta ambazo bado zimesimama. Benki za mjini zilizojengwa miaka ya 1960 na 1970 zina michoro na nakshi ambazo hakuna anayezitazama kwa sababu tuko kwenye foleni. Makanisa, kumbi za manispaa, shule, hoteli za zamani, hali ni hiyo hiyo. Kila moja ina mtu aliyeichora na mtu anayekumbuka jina lake.

Kwa hivyo nimeanza daftari. Hakuna mambo makubwa: mahali, kitu, fundi, aliyenisimulia, tarehe, picha ya simu. Nimeandika ukuta wa shule ya nasari Kiminini wenye simba aliyechorwa akicheka, mchoro wa kanisani karibu na Tongaren, kibao cha mkahawa Kitale chenye maandishi ya mkono ambayo kompyuta haiwezi kuyaiga. Rafiki yangu wa Bungoma ameanza lake. Ukianza lako mtaani kwako, tutakuwa na orodha, na orodha ndiyo kitu cha kwanza ambacho ofisi ya makavazi itakuuliza siku utakapobisha hodi.

Namba moja katika daftari langu ni dirisha la kukhu. Mahali: Ndalu, jikoni. Kitu: dirisha la mbao, bawaba za shaba. Safu ya fundi ilikaa wazi wiki mbili, mpaka kukhu akatuma mtu kwa mzee mmoja anayeishi ng'ambo ya mto, na mzee akakumbuka jina. Nimeliandika kwa kalamu, si kwa penseli.